Maswali ya Wapenda Ndege: "Nimeona kiota, nikate majani?"

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi zimetoka kwa vijana. Nimefurahi mno. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mpiga picha wa studio hapa Tanga. Kwa miaka 22 nimepiga picha za paspoti, za harusi, na za watoto wa chekechea waliovishwa majoho. Ndege nilianza kuwatazama kwa kuwa Jumapili studio inafungwa na mabwawa ya chumvi hayako mbali na mji. Siku moja nilikwenda kupunga upepo tu, nikarudi jua limezama, na tangu hapo sijaacha.

Shikamoo Shangazi. Nina simu tu. Kila nikimpiga ndege anatokea kama nukta. Nimeweka akiba kidogo, ninunue kamera gani?
*Kijana wa Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kamera, nunua darubini. Tafuta iliyoandikwa 8×42. Hiyo 8 ni mara ngapi inakuvutia ndege karibu, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana ndicho kinachokupa mwanga alfajiri. Ukishaipata, hata simu yako itapata kazi. Ibane kwenye kioo cha kutazamia, tuliza mkono, na ile nukta itakuwa ndege. Akiba ikikua, kamera ya mtumba yenye lenzi ya kufika milimita 300 itakutosha miaka. Yangu ni ile ile niliyokuwa nikipigia harusi.

Ila nikuambie ukweli: kinachomfanya ndege wako awe nukta ni kumfuata. Ukipiga hatua kumi yeye anaruka ishirini, na mchana mzima unaishia hivyo. Kaa, yeye akufuate wewe. Pwani kazi hiyo hufanywa na maji. Mama yangu alikuwa akishuka pwani kuchokoa pweza, na yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu maji kabla sijajua kusoma saa. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji yetu hujaa karibu na saa 10 alasiri, na hupanda zaidi ya mita 3. Ndege wote waliokuwa wametawanyika mbali kwenye matope wakila hurudishwa nyuma hatua kwa hatua, mpaka wanakuja kusimama mbele yako. Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, saa hizo jua liko mgongoni mwako na linawapiga wao usoni. Ukienda asubuhi jua linakupiga wewe, na ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi. Basi fika saa 8 mchana, kaa chini, vaa nguo isiyong'aa, usihame. Siku za maji mafu maji hayapandi sana, nao hubaki mbali. Siku hizo mimi huenda mashambani.

La mwisho ni la ufundi. Yangeyange akisimama juani mbele ya matope meusi, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na ndege hugeuka kipande cha karatasi kisicho na unyoya hata mmoja. Ni yale yale ya shela la bibi harusi kwenye jua la saa 6. Gusa ndege kwenye kioo cha simu, kisha vuta mwanga chini mpaka mistari ya manyoya ya mgongo ionekane. Matope yakiwa meusi zaidi, yaache yawe meusi.

Bibi, huku kwetu kuna ndege analia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Nimemtafuta miezi, simwoni. Ni nani?
*Mama wawili, Korogwe*

Huyo ni dudumizi, wengine wanamwita tipitipi. Wazee wanasema anaita mvua, na kweli sauti yake utaisikia sana siku za mawingu. Humwoni kwa sababu hupenda kutambaa ndani ya majani marefu na vichaka badala ya kuruka. Mtafute asubuhi baada ya mvua ya usiku. Hupanda juu ya kichaka, akafungua mabawa yake ya rangi ya kutu na kuyaanika juani kama mtu aliyetandaza kanga. Atakaa hapo dakika kadhaa, na atakuruhusu umtazame jicho, ambalo ni jekundu kama shanga.

Shikamoo Shangazi. Kuna chozi amejenga kwenye kichaka cha maua uani kwetu, kiota kinaning'inia karibu na dirisha. Majani yanakizuia, picha haitoki vizuri. Nikikata vitawi viwili vitatu kuna ubaya?
*Mwanafunzi, Muheza*

Marahaba. Usikate, mwanangu. Wala usifunge, wala usisogeze. Nitakueleza kwa nini, na ninakueleza jambo nililolifanya mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili wa kupiga ndege, chozi jike alijenga kwenye mkomamanga wa nyumba niliyokuwa nimepanga. Kiota chake unakijua kilivyo: mfuko mdogo wa nyuzi za majani, utando wa buibui na maganda ya magome, unaning'inia kama kitu kilichosahaulika, na tundu ubavuni lenye kijipaa juu yake. Ndani mlikuwa na makinda mawili. Nilikuwa nikiyaona midomo tu, ya njano, ikitokeza kila mama yao alipotua. Tawi moja lenye majani mengi lilikuwa limeinama mbele ya tundu. Nami, kwa jicho la studio, niliona lile tawi kama pazia lililosahauliwa mbele ya mteja. Nikachukua uzi wa katani, nikalivuta tawi pembeni, nikalifunga.

Picha ilitoka. Sitakudanganya, ilitoka nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Mwanga wa saa 11 jioni uliingia mpaka ndani ya tundu, na mama yao alikuwa amebeba buibui mdomoni, miguu ya buibui ikionekana mmoja mmoja. Nikauacha uzi, nikijiambia kesho nitarudia.

Asubuhi nilisikia kunguru. Nilipotoka, kiota kilikuwa kimepasuliwa kuanzia chini, manyoya laini yaliyokuwa kama godoro ndani yake yamesambaa chini ya mti. Yule chozi alikuwa bado anakuja. Alitua pale pale penye tawi nililolifunga, na chakula mdomoni, akageuza kichwa huku na huku, akaondoka, akarudi. Alifanya hivyo mpaka karibu na adhuhuri. Uzi wangu ulikuwa bado umefungwa. Ile picha sijapata kuitundika, na nimemkatalia kila aliyeiomba.

Yale majani unayoyaona kama kizuizi ndiyo paa na ukuta wake. Yanawakinga makinda na jua la mchana, na yanawaficha na kunguru. Nawe unawajua kunguru wetu hawa wa shingo ya kijivu. Si wenyeji, asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890, na leo wametapakaa pwani nzima. Kunguru ana akili. Anamtazama mtu anayekwenda kwenye kichaka kile kile kila siku, naye anakwenda kuona kuna nini.

Sasa fanya hivi. Kaa ndani, nyuma ya dirisha, taa ikiwa imezimwa na pazia limevutwa likabaki upenyo wa lenzi. Ndege haogopi dirisha lisilo na mtu anayetikisika. Usikae zaidi ya dakika kumi. Tazama mama yao: akija na chakula akasita kwenye tawi la jirani, hataki kuingia, hapo umemkaribia mno, ondoka papo hapo. Usitumie flashi. Usiweke mtandaoni picha inayoonyesha ni nyumba gani. Baada ya kuanguliwa makinda ya chozi hayakai sana kiotani, kama wiki mbili hivi, kisha hutoka na kupangana kwenye tawi yakidai chakula kwa kelele. Hapo ndipo picha ilipo. Wako nje, mwanga upo, majani hayazuii, nao wana mabawa.

Na kama hamu ya viota inakusumbua, nenda kwenye minazi wanakojenga mnana. Wale wamezoea watu na kelele, na wako wengi pamoja. Utamwona dume akichana ukuti kuwa uzi, akiufunga kwa mdomo na mguu, akining'inia chini juu akipiga mabawa ili jike aje akague. Jike akikikataa, mara nyingi dume hukifumua akaanza kingine. Nimeshinda chini ya mnazi mmoja toka saa 1 asubuhi mpaka saa 5 nikimtazama dume mmoja tu, na sikuchoka.

Shangazi, mimi na wenzangu wawili tunatoka kila Jumamosi. Watu wanatuuliza, "Hao ndege mtawala?" Wengine wanasema hii ni kazi ya wazungu. Mwezi uliopita mlinzi mmoja alituzuia saa nzima akidhani tunapeleleza. Tufanyeje?
*Vijana watatu, Kigamboni*

La mlinzi kwanza. Kabla ya kutazama ndege mahali, watazame wenye mahali. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mpeni salamu, mwelezeni, mwonyesheni picha mlizopiga. Kwenye mabwawa ya chumvi ninaanza na wanaovuna chumvi. Wao wako pale kila siku, na wameniambia mengi kuliko nilivyoweza kuona peke yangu. Msielekeze lenzi bandarini, kwenye daraja au kambini, hata kama furukombe ametua hapo hapo. Na mtu akiwasimamisha, mpeni darubini aangalie. Mara nyingi ugomvi huishia hapo, naye huanza kuita wenzake.

Hilo la wazungu linaniuma, na nitalijibu kwa jina la mtu. Huko Amani, juu ya Muheza, kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo. Mwaka 1928 alifika pale Mwingereza aitwaye Reginald Moreau, akakaa mpaka 1946, na mambo aliyoandika kuhusu ndege wa Usambara yanasomwa hadi leo. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, wa kwenye mitambaazi ya msituni, anayejulikana kutoka Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu duniani kote, na jina lake la kisayansi linamtaja Moreau. Lakini aliyekuwa akiingia msituni, akijua sauti ipi ni ya nani na kiota kipi kiko wapi, alikuwa Salimu Asmani. Alifanya kazi na Moreau miaka mingi. Vivyo hivyo kusini, Jali Makawa, mtu wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, alifanya kazi na Constantine Benson, na mwaka 1965 ndege mmoja wa Zambia aliandikwa kitabuni kwa jina la Makawa. Basi mtu akikwambia hii ni kazi ya wazungu, mtajie Salimu Asmani wa Amani. Mimi nimekulia mkoa huu, nimesoma mkoa huu, na nilikuwa mtu mzima niliposikia jina hilo mara ya kwanza.

Na hao ndege wana majina ya Kiswahili kabla ya majina mengine yoyote: sululu, kulastara, membe, mdiria, hondohondo, kororo, pugi, ninga. Waulizeni wavuvi na bibi zenu, andikeni daftarini jina pamoja na mahali mlipolisikia, kwa maana ndege mmoja huitwa vingine Pemba na vingine Pangani.

Shikamoo Shangazi. Nimezaliwa Sahare, Tanga, sasa niko Muscat mwaka wa 11. Mwezi wa kwanza tulikwenda Barr al Hikman, pwani ya huku Oman, nikaona makundi ya ndege weupe, mgongo una mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, wanakimbiza kaa. Nilipowaona moyo ulinidunda, kama niliwaona utotoni. Ndio wale wale?
*Mtoto wa Sahare, Muscat*

Marahaba, mwanangu wa mbali. Ndio wale wale, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Hao ni wala kaa, na hakuna ndege wengine wa kufanana nao. Wanaishi kwenye pwani za Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Ghuba tu. Huzaliana huko ulipo wewe, kwenye visiwa vya mchanga vya Oman na nchi za jirani, na pia Somalia, katika miezi ya joto kali. Ndege wengi wa matopeni hutaga mayai yenye madoa juu ya ardhi. Huyu anachimba. Anatoboa njia ndani ya mchanga, anataga yai moja tu, jeupe pe, kwani gizani halihitaji madoa ya kujificha, na joto la mchanga linamsaidia kulilea. Kisha, kuanzia miezi ya nane na tisa, wengi hushuka kwetu: Mida kule Watamu, Kenya, Tanga, na kusini zaidi.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja niliwapata wawili karibu, siku ya bamvua, kama hatua 30 kutoka nilipokaa. Mmoja mkubwa, mweupe na mweusi kama bwana na bibi harusi kwenye mwili mmoja. Wa pili alikuwa na mgongo wa kijivu, bado mtoto. Mkubwa alikimbia, akasimama ghafla, akadidimiza mdomo, akatoka na kaa. Alimtikisa mpaka miguu ikaanza kudondoka, mmoja, mmoja tena, gando la kulia likarukia majini. Wakati wote huo mtoto alikuwa ameinama mbele yake, shingo ameiingiza mabegani, akilia bila kupumzika. Nikajua yule mtoto ametoka kwenye tundu la mchanga kaskazini huko, akaruka bahari yote hiyo, na bado analishwa na mzazi wake kwenye matope ya Tanga. Ni tabia yao kabisa. Wazazi huendelea kuwalisha watoto hata wakishafika huku. Nilipiga picha nne. Ya tatu ndiyo imeshika gando likiwa hewani, na maji yakitoka mdomoni mwa ndege kama uzi. Nilitumia kasi ya kamera ya 1/2000 ya sekunde, maana chini ya hapo ungeona ukungu tu.

Nikuombe jambo. Ukialikwa kwenda na boti kwenye kisiwa wanakozalia, usishuke. Mchanga ule una mashimo chini, na mguu wa mtu mzima unabomoa dari ya nyumba yenye yai moja. Watazame kutoka kwenye boti. Na mwezi wa nne ukiwaona wameongezeka huko, ujue wametoka kwetu.

Shangazi, bundi mweupe amehamia kwenye dari la nyumba yetu. Usiku anakoroma na kupiga kelele. Nimempiga picha nzuri sana, uso kama moyo. Lakini mama mkwe anasema ni uchuro na uchawi, anataka vijana wampige mawe. Nimwambie nini?
*Mke wa fundi, Handeni*

Mwanangu, kwanza mpe mama mkwe heshima yake. Hofu hiyo hakuianzisha yeye. Hata jina lake jingine, babewatoto, tulilipata tukiwa tumefunikwa shuka, tukiambiwa tulale. Usimbishie mbele za watu, na usimwonyeshe ile picha kwanza. Kwa mtu anayeogopa, uso ule ukitazama moja kwa moja unazidi kutisha.

Mkoromo unaousikia mara nyingi ni wa makinda yakidai chakula. Hiyo ni familia, na ukiwaacha watakua na kutawanyika. Katika muda huo usiende tena darini na kamera. Bundi mama akishtuliwa mara kwa mara anaweza kuwaacha.

Badala yake, tazama chini ya pale anapolala. Utakuta vidonge vyeusi vinavyong'aa, vikubwa kama kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza mnyama mzima, kisha manyoya na mifupa huvitapika vikiwa vimesokotwa pamoja. Mimi niliwahi kuokota kimoja kwenye ghala la jirani yangu anayeuza mahindi. Nilikiloweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, nikakichambua kwa sindano ya kushonea. Mlikuwa na mafuvu matatu ya panya, yenye meno ya mbele ya njano, na mifupa ya miguu myembamba kuliko njiti ya kiberiti. Hicho ni kidonge kimoja. Jirani alivihesabu vidonge vilivyobaki sakafuni, akayatazama magunia yake, akanyamaza. Bundi wale walikaa mpaka walipoondoka wenyewe.

Vaa glovu, okota viwili, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Kaa na mama mkwe uani mchana, bakuli liwe mbele yenu wote wawili, umpe yeye sindano. Kisha uniandikie mmekuta mafuvu mangapi.